Chuo cha ufundi cha serikali hapa Mbeya: ada elfu 60, rodi mbili kwa kipindi

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka zake apite: tatu na nusu kati ya tano. Ilikuwa ifike nne na nusu ikaponzwa na kitu kidogo kinaitwa rodi, vile vijiti vya kuchomelea, ntaeleza huko mbele. Jina la chuo siliweki, kwanza pale kuna mwalimu mmoja mtu mwema sana sitaki aje kuitwa ofisini kwa sababu ya maneno yangu, alafu haya nayosema nimeyasikia kwa mafundi wenzangu wa Iringa na Njombe pia kwaiyo jina halisaidii chochote. Jueni tu ni chuo cha ufundi stadi cha serikali, kiko mkoa wa Mbeya, na mpwa wangu kasoma pale miaka miwili, 2023 na 2024, fani ya kuchomelea.

Kidogo kuhusu mimi ili mjue anayeongea ni nani. Nina karakana ndogo upande wa Ilomba, natengeneza mageti, madirisha, matela ya pawatila ya watu wa Usangu, na vitanda vya chuma shule zikikaribia kufunguliwa. Ufundi nilijifunza Mafinga kwa mjomba wangu, kwa kushikilia chuma cha moto na kupigwa makofi, chuo nilikuwa sijawahi kukanyaga. Sasa dada yangu wa Tukuyu akanipigia, binti kamaliza form four, matokeo ndo hivo divisheni foo, na anasema anataka kuchomelea. Dada mwenyewe alikuwa anataka cherehani. "Kaka hebu ongea naye wewe, mtoto wa kike na moto wapi na wapi." Nikamwambia mlete tu. Mi nilijua akishika grainda siku moja zile cheche zitamrudisha kwenye cherehani mwenyewe, kumbe nilikuwa najidanganya.

Ada. Hapa serikali nawapa nyota zote tano sina kinyongo. Wa kutwa 60,000, wa bweni 120,000. Kwa mwaka jamani, sio kwa mwezi, yule dada wa ofisini nilimuuliza mara mbili mpaka akaanza kuniangalia vibaya. Chuo cha binafsi nilichoulizia kabla walinitajia laki sita na nusu na hela ya mtihani pembeni. Huku unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu umekaa kwenye bajaji, imeisha hiyo. Tulichagua kutwa maana kutoka kwangu mpaka chuo ni bajaji moja, kwaiyo habari ya chakula na vitanda vya bwenini sina, msiniulize.

Ila ile karatasi ya mahitaji sasa. Ovaroli mbili, buti zenye chuma mbele, glavu za ngozi, miwani nyeusi, rimu ya karatasi, fagio, jembe (jembe! anaenda kuchomelea), tepu ya kupimia na vingine nimesahau, nilivyomaliza kuzunguka Mwanjelwa nilikuwa nimeacha kama laki na themanini. Yani ada ya mwaka mzima ni ndogo kuliko nguo za kuvalia darasani. Mi niliweza kwa sababu wiki ile nilikuwa nimelipwa geti. Mama wa Busokelo anayeuza ndizi akisikia elfu sitini anajua kamaliza, anauza mikungu anakuja mjini, anakutana na hiyo karatasi pale getini. Siku ya kuripoti nilimuona baba mmoja kasimama nayo mkononi anaisoma tena na tena kama anatafuta kosa la uchapaji.

Sasa tuongee ukweli wa mafundi. Elfu sitini haimfundishi mtu kuchomelea. Mwanafunzi anayejifunza kweli anamaliza pakiti ya rodi kwa siku mbili tatu, weka diski za grainda, weka vyuma vya kuharibu, maana lazima aharibu, weka na umeme wa Tanesco, mashine ile inavuta moto sio mchezo. Na mshahara wa mwalimu bado. Kwaiyo mtu mwingine analipa, na huyo mtu ni Hazina pamoja na waajiri. Hili la waajiri nilikuwa silijui mpaka jamaa yangu mwenye gereji ya malori kule Uyole aliponifungua macho. Kuna tozo ya kuendeleza ujuzi, wenyewe wanaiita SDL, mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 analipa TRA kila mwezi asilimia 3.5 ya mishahara yote. Haikatwi kwa mfanyakazi, inatoka mfukoni kwa bosi. Zamani ilikuwa asilimia 6, imeshushwa kidogo kidogo maana waajiri walikuwa wanalia kila bajeti, hiyo 3.5 imeanza Julai 2023. Mi nina vijana watatu hainihusu. Jamaa inamhusu na inamuuma, anasema "mi nalipa hela ya ujuzi kila mwezi alafu kijana anakuja fildi, mazoezi ya kazini, hajui spana namba 17 inafungua nini, hela yangu inaenda wapi?"

Nikaanza kuulizauliza. Kumbe VETA, ile mamlaka ya serikali ya ufundi stadi, ilivyoundwa kwa sheria ya 1994 kuna mfuko wake, na hii tozo imekuwa inagawanywa hivi: theluthi moja ndo inaenda kwenye ufundi stadi, theluthi mbili zinabaki Hazina, na huko sehemu kubwa imekuwa ikienda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Piga hesabu na mimi. Gereji inayolipa mishahara ya milioni 10 kwa mwezi tozo yake ni 350,000. Ya ufundi stadi hapo ni kama 116,000 na ushee. Haifiki hata ada ya bweni ya mwanafunzi mmoja! Hiyo 233,000 iliyobaki ishapanda zake juu kwenda kumkopesha anayesoma sosholojia. Sina ugomvi na sosholojia, mtoto wa jirani yangu anaisoma na ana adabu kweli, lakini tozo inaitwa ya ujuzi, na anayelipa ni mwenye gereji.

Alafu hiyo mikopo mpwa wangu haimgusi. Wenye shahada wana bodi yao tangu 2005, wa stashahada dirisha lao likaja kufunguliwa mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani za kipaumbele. Yeye na cheti chake cha ufundi stadi levo ya kwanza hakuwa na pa kuomba, mkopo wake ulikuwa mimi, na mi riba yangu ni kufagia karakana.

Haya tuingie karakana yao maana ndo bidhaa yenyewe naisifia au naiponda. Nilienda siku ya wazazi. Jengo zuri, sakafu ya zege safi, paa refu hewa inapita, meza za chuma zimepangwa, ukutani wamechora alama za usalama kwa rangi. Mi nikaona wivu kabisa, mjomba wangu Mafinga alitufundishia chini ya mti wa mkaratusi na Mafinga baridi yake mnaijua. Nikahesabu wanafunzi, 28. Nikahesabu mashine, sita. Nikauliza zinazowaka, mwalimu akacheka kidogo akasema "nne mzee, na hiyo ya mwisho inategemea siku." Watu saba kwa mashine moja. Mmoja anachoma, sita wamejikinga macho wanaangalia ukuta.

Na rodi ndo hizo sasa. Mpwa wangu alikuwa akirudi jioni namuuliza leo umechoma ngapi. "Mbili mjomba." Kesho yake, "leo moja na nusu, nusu nimemuachia mwenzangu hakupata." Rodi mbili! Kwa asiyejua, hivi ni vile vijiti unavyobana kwenye mashine, kimoja kinaisha kabla hujamaliza kusema salamu za kikwetu. Mkono wa kuchomelea hauji kwa kuandika kwenye daftari, unakuja kwa kuchoma mpaka sikio lako lijue sauti, maana moto ukiwa sawa unalia kama maharage yanakaangwa, ukizidi unapiga kelele, ukipungua unatematema tu rodi inanasa. Hiyo sauti mpwa wangu alikuwa anaisikia dakika tatu kwa siku.

Sio mwalimu. Yule mwalimu kuna siku nimemkuta dukani Kabwe ananunua diski za grainda kwa hela yake, nikamuuliza hizi za nyumbani? Akasema "za watoto, za ofisi tumeomba, zinakuja." Zilikuja mwezi wa tano. Na mwezi huo huo zilikuja na rodi nyingi, wakachoma wiki mbili mfululizo kama sikukuu, alafu kimya tena. Hela ya mazoezi inaingia kama mvua za vuli. Mshahara unatoka kila mwezi, jengo limesimama, na kile kinachotakiwa kuunguzwa ndani ya hilo jengo ndo kinasubiri.

Matokeo nikayaona fildi. Alikuja kwangu miezi miwili, fildi ya mwaka wa kwanza. Wiki ya kwanza nikampa bawaba za geti la mteja wa Sae, nikaangalia juu juu nikaona mshono umenyooka nikapitisha, kosa langu. Siku ya tisa mteja anapiga simu geti limelala chini. Kwenda kuangalia, weldi imekaa juu ya chuma kama uji uliomwagika, moto haukuingia ndani hata kidogo. Nililipa nauli ya kirikuu, nikarudia bure, nikamuomba msamaha baba wa watu mbele ya mke wake. Binti alilia. Nikamnunulia pakiti nzima nikamwambia kaa pale nyuma na mabaki ya flatiba, choma mpaka iishe, sitaki kuona kitu kizuri nataka kuisikia tu. Siku ya pili mchana nikiwa naongea na mteja nikasikia maharage yanakaanga, sawasawa, hayakatiki. Nikageuka. Pakiti moja tu wakuu, miezi nane ya chuo na kilichokosekana kilikuwa pakiti moja.

Msianze kushangilia sasa kwamba mtaani ndo kila kitu, maana na mimi niliaibika. Tulipata kazi ya madirisha manne ya nyumba moja Iwambi, kila dirisha linataka vipande viwili vya sentimita 148 na vitatu vya 118, paipu za skweya zinakuja za mita sita. Mi naenda na mazoea, paipu moja dirisha moja: 148 mbili na 118 mbili, inabaki 68 natupa pembeni, nikimaliza manne nachukua paipu ya tano nakata zile 118 nne zilizobaki. Binti akaniambia "mjomba subiri," akakaa kwenye ndoo na kalamu. Akakata paipu mbili zote kuwa 148, nne nne. Mbili zingine zote 118, tano tano. Ya tano akakata 118 mbili tu. Paipu tano zilezile! Lakini mabaki yangu yangekuwa vipande vinne vya sentimita 68 na kimoja cha 128, vya kuuza skrepa. Yake ilibaki kipande kimoja cha zaidi ya mita tatu na nusu, nikafanyia fremu ya mlango mdogo wa choo wiki iliyofuata na nikalipwa. Miaka kumi na sita nachoma chuma, vipande vya 68 vingapi nimempa mtu wa skrepa, hata sitaki kupiga hiyo hesabu.

Hiyo kafundishwa chuo. Kusoma mchoro, kupima kona kwa skweya badala ya jicho, kuandika bei ya kazi kwenye karatasi na faida ikaonekana. Vijana wangu watatu hakuna aliyekuwa anaweza. Kwaiyo ukiniuliza elfu sitini ilikuwa na thamani nakwambia ilirudi kwenye kazi moja. Somo la kalamu pale liko vizuri, labda kwa sababu kalamu haisubiri hela ya Hazina.

Sasa niseme na langu nisije nikaonekana malaika. Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA kwenye wilaya ambazo hazikuwa navyo, 64 na kimoja cha mkoa kule Songwe, nia ni kila wilaya iwe nacho. Ujenzi ni fosi akaunti, yani hawaweki mkandarasi mkubwa, mafundi wa mtaani tunapata kazi. Mimi mwenyewe nilichomelea madirisha ya majengo ya chuo kimoja, wilaya siitaji, nililipwa zote, nilichelewa kidogo kulipwa ila nililipwa. Nilifurahi kama mwingine yeyote. Baadaye nikaitwa kurekebisha mlango uliokuwa unagoma, nikaingia kwenye lile jengo la karakana ya kuchomelea. Madirisha yangu yako pale yamepakwa rangi, yanapendeza, tena nikapiga picha. Ndani hamna mashine hata moja. Hata soketi kubwa ya ukutani ilikuwa bado ina nailoni. Nikakaa pale nachomelea bawaba kwa mashine niliyotoka nayo Mbeya, nikawaza kwamba siku hiyo mashine pekee ya kuchomelea kwenye chuo cha kuchomelea ni ya kwangu na jioni naondoka nayo. Pengine zimeshafika sasa, naomba Mungu ziwe zimefika.

Jengo lina siku ya kuzinduliwa na utepe, rodi haina utepe. Hata mimi kazi niliyopata serikalini ni ya jengo, hamna aliyewahi kunipigia kusema tuletee pakiti mia za rodi kila muhula.

Kingine cha kusifia, na hiki watu hawakijui. Mafundi wa mtaani kama mimi VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unaenda wanakupima kwa vitendo, ukionekana unajua unapewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili. Nilikwenda baada ya ile aibu ya madirisha. Nilitetemeka kushika mashine mbele ya yule mwalimu wa mpwa wangu kuliko siku ya ndoa yangu. Nikapita, cheti nimekitundika juu ya jiko la chai, na sasa tenda za halmashauri wakiuliza cheti sibabaiki. Huduma hiyo nyota tano, nendeni. Na kama unalea mtoto mdogo na ratiba za VETA huziwezi, angalia vyuo vya maendeleo ya wananchi, vile vilivyoanza 1975 enzi za Mwalimu, viko 54 nchi nzima na Mbeya mjini kipo pale Nzovwe, fani zinafanana.

Wasiwasi wangu sasa ni foleni. Tangu Januari 2024 sekondari wameanza mkondo wa amali, watoto wa form one wanachagua ufundi. Vizuri, mimi kama fundi naona heshima imerudi, zamani ukisema mtoto anaenda ufundi watu wanakupa pole. Ila hao wakimaliza watakuja kwenye karakana hizihizi. Watu saba kwa mashine watakuwa wangapi? Na kuna tabia yetu moja sijui inatoka wapi, chuo cha ufundi kikianza kujulikana tunakipandisha cheo. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, ilianza kama chuo cha ufundi, 2012 ikawa chuo kikuu, stashahada bado wanatoa na wanatoa vizuri tu, lakini ukiuliza mtaani mtu anakwambia digrii.

Kwa mzazi anayetaka kumleta mtoto: mlete. Tenga laki mbili za mahitaji usidanganywe na ile sitini. Glavu nunua za ngozi nene, zile nyembamba za Mwanjelwa zinakaushwa na moto wiki mbili. Mtafutie fildi mapema kwa fundi asiyeogopa kuunguza vitu, maana nauli na chakula cha fildi ni juu yako. Na kama una fundi wa kuchomelea kwenye ukoo mwambie amuachie mtoto mabaki ya chuma Jumamosi.

Binti sasa tunafanya kazi wote, geti la Sae alirudi kulichora maua upya kwa hiari yake na yule baba alimpa elfu kumi. Dada alikuja mwezi uliopita na mkungu wa ndizi na maparachichi, kasimama mlangoni anamuangalia mwanae kavaa miwani cheche zinaruka, akasema "ndaga kaka", asante kwa Kinyakyusa, akaondoka hajataja cherehani. Ameniachia na mdogo wa kiume wa binti, anataka kuanza Januari chuo kilekile. Umeme wa majumbani, moto hautaki anasema. Karatasi ya mahitaji nimeshaiona, jembe bado lipo.